Namna ya kuona mahali elektroni zinapopatia nishati katika plazma ya masafa ya chini

Wanafunzi wa fizikia wanaoniandikia kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Nairobi huniuliza kama mtu anaweza kufanya utafiti wa plazma, yaani gesi iliyovunjika kuwa elektroni na ioni, bila kuwa na maabara. Anaweza. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nilisomea fizikia Mlimani, na sasa ninaishi Bochum, Ujerumani, ambako kazi yangu ni kuiga plazma kwa kompyuta. Mengi ninayoyajua kuhusu mwenendo wa elektroni nimeyaona kwenye skrini ya kompyuta ya mkononi, kwa programu ambayo yeyote anaweza kuipakua bure.

Hapa nitakuonyesha kazi moja kuanzia mwanzo: kuwasha plazma kati ya sahani mbili za chuma kwa umeme wa 400 kHz, kisha kutafuta elektroni zake zinapata wapi nishati ya kuendelea kuionisha gesi, yaani kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu zake. Nimechagua masafa haya kwa makusudi. Vitabu vingi vya kufundishia hueleza 13.56 MHz, masafa yaliyotengewa viwanda, na mtu akishazoea picha hiyo huibeba hadi masafa ya chini ambako haifai tena. Viwanda vinavyochonga chipu za kompyuta hutumia pia 2 MHz na 400 kHz ili kuvuta ioni kwa nguvu kuelekea kwenye kipande kinachochongwa. Anayetaka kuielewa mitambo hiyo hana budi kuanzia chini.

Picha unayopaswa kuwa nayo kichwani

Sahani mbili zinatazamana ndani ya chombo chenye arigoni kidogo. Moja imeunganishwa na chanzo cha umeme geu, nyingine na ardhi. Ioni ya arigoni ni nzito kuliko elektroni karibu mara 73,000, kwa hiyo elektroni hukimbilia kwenye kuta na kuziacha ioni nyuma. Mbele ya kila sahani hubaki tabaka lililokosa elektroni, lenye uga mkali wa umeme. Tabaka hilo nitaliita ala. Volteji ikipanda na kushuka, ala hupanuka na kusinyaa: ya upande mmoja ikiwa nene kabisa, ya upande wa pili imekwisha kusinyaa.

Mwaka 1957 mwanafizikia Levitskii alionyesha kwamba plazma ya namna hii inaweza kuishi kwa njia mbili, na hadi leo tunaziita alfa na gama. Katika njia ya alfa, ukingo wa ala unapopanuka huzisukuma elektroni kama ukuta unaousogelea mpira: mpira hurudi na kasi kubwa kuliko ulivyokuja. Katika njia ya gama, ioni inayogonga chuma hung'oa elektroni kutoka kwenye chuma chenyewe, na elektroni hiyo hurushwa na volteji yote ya ala kuingia ndani ya plazma. Hizo nitaziita elektroni za pili.

Sasa piga hesabu. Kwa 13.56 MHz, ala ya milimita 5 husogea kwa kasi ya karibu mita 210,000 kwa sekunde. Elektroni zenye joto la 3 eV (elektroni-volti, kipimo cha nishati) hukimbia kwa wastani wa mita milioni 1.16 kwa sekunde, kwa hiyo kasi ya ukuta ni karibu asilimia 18 ya kasi yao. Huo ni msukumo wa maana. Shuka hadi 400 kHz, na hata ukiipa ala unene wa sentimita nzima, kasi ya ukingo wake ni mita 12,600 kwa sekunde, yaani asilimia moja tu. Nishati inayotolewa na msukumo huu hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo kila mgongano na ukuta una nguvu pungufu karibu mara 280.

Ninaloamini, na ndilo linaloongoza kila hatua hapa chini, ni hili: kwa masafa ya chini usiutafute uhai wa plazma kwenye ukingo wa ala. Utafute kwenye chuma. Namba inayosema ni elektroni ngapi hung'olewa na kila ioni, tunayoiandika γ, ndiyo inayoamua mambo, na inastahili heshima kuliko inayopewa kwa kawaida.

Programu

Ninatumia eduPIC, iliyotolewa mwaka 2021 na Zoltán Donkó na wenzake. Ni faili moja la C++ linaloeleweka ukilisoma kwa utulivu. Hufuata chembe-wakilishi, kila moja ikisimama badala ya elektroni au ioni nyingi, ndani ya uga unaokokotolewa upya kila hatua ya muda, na migongano na gesi hupigiwa kura kwa namba nasibu. Ikunje, yaani igeuze kuwa programu inayoendeshwa, kwa kikusanyaji cha g++ ukiwa na -O3. Amri ni tatu: `./edupic 0` kuanzisha, `./edupic 1500` kuendesha mizunguko 1500, na ukiongeza `m` mwishoni programu hupima na kuandika mafaili ya ramani.

Iendeshe kwanza kama ilivyo, bila kugusa kitu: arigoni, 13.56 MHz, 250 V, shinikizo la 10 Pa (paskali), pengo la milimita 25. Hifadhi matokeo. Hayo ndiyo utakayolinganisha nayo, na bila hayo hutajua kipi kimebadilika kwa sababu ya fizikia na kipi kwa sababu ya mkono wako.

Kama unapendelea kuandika programu yako mwenyewe, jambo ambalo nalipenda sana, usiende popote kabla ya kuipitisha kwenye mtihani uliochapishwa na Miles Turner na wenzake mwaka 2013. Ni heli, pengo la sentimita 6.7, 13.56 MHz. Katika hali ya kwanza yenye shinikizo la 30 mTorr (karibu 4 Pa) na 450 V, msongamano wa ioni katikati unapaswa kuwa karibu 1.4 × 10¹⁴ kwa mita ya ujazo. Programu tano tofauti zilikubaliana juu ya majibu ya mtihani huo. Yako ikikataa, yenye kosa ni yako.

Kubadilisha namba

Wengi hubadilisha FREQUENCY kutoka 13.56e6 kwenda 400e3, wakaendesha, na plazma ikazimika. Wanadhani wameharibu programu. Sababu ni ya kifizikia. Kwa 10 Pa, elektroni ya pili yenye mamia ya eV huweza kusafiri sentimita kadhaa bila kuionisha hata atomu moja, na pengo letu ni milimita 25. Hulivuka kwa nanosekunde mbili hivi. Wakati huo ala ya upande wa pili imesinyaa na haina volteji ya kuirudisha, kwa hiyo elektroni hugonga chuma cha ng'ambo na kupotea. Kwa masafa ya chini nanosekunde mbili si kitu ukizilinganisha na kipindi cha mikrosekunde 2.5, kwa hiyo hakuna bahati ya kukuta mlango umefungwa. Ni jambo lilelile ambalo Paschen alilieleza mwaka 1889 kuhusu umeme usiogeuka (DC): shinikizo mara pengo likiwa dogo mno, cheche haiwaki.

Kwa hiyo pandisha shinikizo hadi 100 Pa na uache pengo milimita 25. Weka volteji ya kilele 400 V. Katika jozi ya sahani zilizo sawa, ala iliyopanuka kabisa hubeba karibu volteji yote hiyo, kwa hiyo elektroni za pili zitafika karibu 400 eV.

Halafu hatua ya muda. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya, bila programu kulalamika. Programu ilivyotoka ina hatua 4000 kwa kila kipindi, yaani pikosekunde 18.4, na nukta 400 za gridi, yaani seli za milimita 0.063. Elektroni isiyoruka seli nzima kwa hatua moja ni ile iliyo chini ya 33 eV hivi. Kwa plazma ya alfa hilo linatosha, maana zilizo juu ya hapo ni chache. Ukiongeza elektroni za pili za 400 eV, zile unazotaka kuzichunguza ndizo zinazovunja sharti. Ninaweka hatua ya pikosekunde 5, na kikomo kinapanda hadi karibu 445 eV. Hatua hiyo inalinda pia sharti la migongano: kwa 100 Pa, elektroni ya 12 eV hugongana na gesi mara bilioni 6 hivi kwa sekunde, na unataka uwezekano wa kugongana kwa kila hatua usizidi asilimia 5.

Pikosekunde 5 ndani ya mikrosekunde 2.5 ni hatua 500,000. Kwa hiyo N_T, idadi ya hatua kwa kipindi, iwe 500000. Usiogope. Plazma hutulia kwa mwendo wa ioni, wala haihesabu mizunguko ya umeme. Kwa 100 Pa na pengo hili, ioni huchukua karibu mikrosekunde 100 kusambaa hadi kwenye kuta, nami huendesha angalau mara tano ya hapo. Kwa 13.56 MHz hiyo ingekuwa mizunguko karibu 6,800. Kwa 400 kHz ni 200 tu.

Sasa mambo madogo yanayouma. N_BIN ni idadi ya hatua zinazokusanywa pamoja katika ramani za nafasi na muda, na imewekwa 20. Ukiacha hivyo kwa N_T mpya, kila ramani itakuwa na safu 25,000 za muda na kula megabaiti 80 za kumbukumbu, na ramani ziko nyingi. Weka 2500, urudi kwenye safu 200. Mgawanyo wa nishati za elektroni hukusanywa hadi 100 eV tu na zilizozidi hutupwa bila taarifa, kwa hiyo panua N_EEPF. Wa ioni hufika 200 eV, nao uupanue. WEIGHT, idadi ya chembe halisi katika kila chembe-wakilishi, iache 7.0e4: kwa msongamano wa 10¹⁶ utakuwa na chembe-wakilishi kama 290,000 za kila aina, na nafasi iliyotengwa ni milioni moja. Ukiona zinaelekea kujaa, anza upya na WEIGHT kubwa zaidi. Usiibadilishe katikati ya safari, maana utakuwa umezidisha plazma nzima kwa kalamu.

Elektroni za pili huzikuti katika programu ilivyotoka, kwani sahani zake humeza kila kitu. Tafuta mahali inapohesabu ioni zilizotoka nje ya pengo, na kwa kila ioni iliyogonga sahani ya x = 0 ongeza:

```
if (R01(MTgen) < GAMMA_SE) {
  x_e[N_e]  = 1.0e-9;
  vx_e[N_e] = 8.4e5;
  vy_e[N_e] = 0; vz_e[N_e] = 0;
  N_e++;
}
```

Kasi hiyo ni ya 2 eV. Kwa sahani ya pili tumia L (urefu wa pengo) toa namba ileile ndogo, na kasi iwe hasi. Anza na GAMMA_SE, yaani γ, ya 0.1.

Kuwasha

Usiwashe moja kwa moja kwa 400 kHz. Mbegu za mwanzo, yaani chembe ambazo programu huanza nazo, ni chache na hazina plazma ya kuzilinda: uga wa 400 V katika milimita 25 huzifagia hadi ukutani kwa makumi ya nanosekunde, na nusu ya kipindi ni nanosekunde 1250. Washa kwa 13.56 MHz ukiwa tayari na 100 Pa na elektroni za pili, iache ikue, halafu shusha masafa hadi 2 MHz, kisha 400 kHz, kila mara ukikunja upya na kuendelea kutoka faili la picdata.bin, linalohifadhi hali ya chembe zote. Usisahau kupunguza N_T kwa masafa ya juu ili hatua ibaki pikosekunde 5: hatua 14,750 hivi kwa 13.56 MHz, 100,000 kwa 2 MHz. N_BIN nayo lazima igawe N_T bila baki.

Kuna jambo moja katika kushusha huko. Faili hilo huhifadhi pia saa ya programu, na volteji hukokotolewa kutoka saa hiyo. Ukibadilisha masafa, mwanzo wa mzunguko hauanzii tena kwenye kilele cha volteji, na ramani zako zote zitakuwa zimesogea kwa awamu usiyoijua. Mara tu baada ya kusoma faili, rudisha Time kuwa 0.

Tena, hali huhifadhiwa pale tu amri inapomalizika. Kwa anayekaa mahali umeme unapokatika, amri ya `./edupic 200` ni hatari. Igawe:

```
for i in $(seq 40); do ./edupic 5; cp picdata.bin nakala.bin; done
```

Umeme ukikatika unapoteza mizunguko mitano, na nakala ipo.

Ikishatulia endesha tena ukiwa na `m`, kisha fungua info.txt uone kama masharti yametimia: masafa ya plazma mara hatua ya muda yasizidi 0.2, seli isizidi urefu wa Debye (umbali ambao plazma huficha uga wa chaji), migongano isizidi 0.05 kwa hatua. Kwa msongamano wa 10¹⁶ na joto la 2 eV, urefu wa Debye ni milimita 0.1, na seli zetu zinaingia. Ongeza ukaguzi wako mwenyewe: hesabu maionisho yote ya mzunguko na ugawanye kwa elektroni za pili zilizotoka. Jibu lazima liwe 1/γ, yaani 10 kwa γ ya 0.1, kwa sababu kila ioni inayozaliwa lazima ife ukutani. Ukipata 12 au 8, plazma bado inakua au inakufa, na hujafika. Ila usidanganyike kwamba jibu la 10 linathibitisha njia ya gama. Linathibitisha utulivu tu. Hata plazma ya alfa iliyotulia ingekupa 10 hiyohiyo.

Kusoma ramani

Hapa ndipo raha ilipo, na hapa ndipo ninapowaomba watu wasifanye haraka. Chora kila ramani kwa muda kwenye mhimili wa mlalo, kuanzia 0 hadi kipindi kizima T, na nafasi kwenye mhimili wa wima. Volteji ya sahani ya x = 0 ni kosini, kwa hiyo ala yake imesinyaa kabisa pale t = 0 na imepanuka kabisa pale t = T/2. Ya upande wa pili ni kinyume chake.

Anza na ioniz_xt.dat. Kwenye ile ya 13.56 MHz uliyoihifadhi, utaona doa karibu na x = 0 katika robo ya kwanza ya kipindi, wakati ala ingali inapanuka. Hilo ni alama ya alfa. Kwenye 400 kHz doa limehama: linaketi kwenye T/2, ala ikiwa na volteji yake yote, na pacha wake yuko upande wa pili pale t = 0 na T. Katikati ya madoa, volteji inapopita sifuri, uionishaji unakaribia kukoma. Plazma hii huzaliwa kwa mapigo mawili kila kipindi, na kati ya pigo na pigo huishi kwa akiba. Kila nusu ya kipindi sahani moja huwa kathodi (sahani hasi) kama ya taa ya umeme usiogeuka, kisha hupokezana.

Halafu fungua ni_xt.dat. Kwa 13.56 MHz msongamano wa ioni hautikisiki ndani ya kipindi, na dhana hiyo ndiyo iliyo chini ya mfano maarufu wa ala aliouchapisha Lieberman mwaka 1988. Kwa 400 kHz ioni zinaitikia. Masafa ya ioni za arigoni ni karibu 1 MHz kwa msongamano wa 10¹⁵ na 3.3 MHz kwa 10¹⁶, yote juu ya masafa ya umeme wetu. Ndani ya ala utaona ioni zikisogea pamoja na volteji. Anayechukua fomula ya ala ya masafa ya juu na kuibandika hapa anakosea tangu mstari wa kwanza.

Mkondo nao unasema jambo. Jumlisha je_xt na ji_xt kwenye ala iliyopanuka: sehemu kubwa ni ioni zinazoingia na elektroni za pili zinazotoka, na mkondo wa kubadilika kwa uga ni mdogo. Kwa hiyo mkondo na volteji vinakaribiana kwa awamu, badala ya kupishana kwa karibu nyuzi 90 kama kwenye kapasita. Tunaiita plazma ya kapasita, lakini huku chini ala inafanya kazi zaidi kama kikinzani.

Kwenye ala iliyosinyaa, elektroni hutoka ukutani kwa mkupuo. Wasomaji wa makala za 13.56 MHz hutegemea kuona hapo uga uliogeuka, unaozivuta elektroni kwenda kwenye chuma na kuzipasha joto njiani. Angalia efield_xt kabla ya kuamini. Elektroni za 2 eV zinaweza kumwagika ukutani kwa mtiririko unaozidi wa ioni zaidi ya mara mia, hivyo mlango ukifunguka kwa asilimia moja tu ya kipindi, hesabu ya chaji imeshalipwa. Kwa kipindi kirefu hivi, hitaji la uga kugeuka ni dogo. Ukiuona, chunguza ni mgongano na gesi unaouleta au ni kelele za chembe chache.

Ramani ya kuogopa ni meanee_xt, wastani wa nishati. Ndani ya ala itawaka kwa makumi na mamia ya eV, na mtu ataandika kwamba elektroni ni moto ukutani. Huo ni wastani wa elektroni chache mno, zote zikikimbia upande mmoja. Usiuite joto. Elektroni nyingi ziko katikati, nazo ni baridi, kwa sababu haziko pale kupashwa. Zimenaswa tu na uwezo wa umeme wa plazma. Godyak, Piejak na Alexandrovich waliliona hili kwa vipimo halisi mwaka 1992: plazma yao ya 13.56 MHz ilipovuka kwenda njia ya volteji kubwa, joto la kundi kubwa la elektroni lilishuka sana. Kwenye mgawanyo wako wa nishati utaona mwili mwinuko wa elektroni baridi na mkia mrefu, mwembamba, unaofika hadi volteji ya ala. Mkia ndio unaozaa. Mwili ndio unaohesabiwa. Anayeripoti wastani wa hivyo viwili amepoteza habari yote.

Kujua nani anazaa

Doa pale T/2 ni ushahidi mzuri, lakini unaweza kwenda mbali zaidi kwa kuzitia elektroni alama. Ongeza safu moja ya aina ya char yenye urefu sawa na x_e, safu ya nafasi za elektroni. Elektroni inayotoka kwenye chuma ipewe 1, nyingine 0. Kumbuka kwamba programu inapofuta chembe huhamisha ya mwisho kwenye nafasi iliyoachwa. Alama lazima ihame nayo, la sivyo ndani ya mizunguko michache alama zako hazina maana.

Swali ni alama gani umpe mtoto, elektroni inayozaliwa kwa mgongano. Ukisema mtoto hurithi ya mzazi milele, subiri na utaona elektroni zote zina 1, hata kwenye plazma ambayo kazi kubwa inafanywa na ala inayopanuka. Ndivyo inavyopaswa kuwa: γ ikiwa juu ya sifuri, ukoo usiotoka ukutani hauwezi kujizaa vya kutosha na hatimaye huisha. Ninachofanya ni kumrithisha mtoto, lakini elektroni yoyote inaposhuka chini ya 11.55 eV, kizingiti cha kuchangamsha atomu ya arigoni, inarudishiwa 0. Ikipanda tena baadaye, nishati hiyo imeipata ndani ya plazma, si kutoka chuma. Hesabu maionisho ya kila alama kando kando. Kizingiti cha kuionisha ni 15.76 eV, kwa hiyo mgawanyo huo una maana safi ya kifizikia.

Rudia kwa 13.56 MHz, 2 MHz na 400 kHz, shinikizo na volteji vikiwa vilevile. Utaona mgao ukihama.

γ si skrubu ya kukaza

Endesha 400 kHz kwa γ ya 0, 0.05, 0.1 na 0.2. Kwa sifuri msongamano utaporomoka, na mara nyingi chembe huisha kabisa. Kwa nyingine, kila elektroni ya pili inatakiwa ilete ioni 20, 10 au 5, na plazma itajipanga upya, unene wa ala na msongamano, mpaka hesabu hiyo ikubali. Hakuna kigezo kingine ulichokiweka chenye nguvu hivi juu ya matokeo.

Ndiyo maana inanikera kuona γ ikichaguliwa mwishoni ili mchoro ufanane na vipimo vya mtu. Kwa arigoni juu ya chuma kilichosafishwa vizuri, 0.07 hadi 0.1 ni makadirio ya kuaminika kwa ioni za nishati ya chini. Sahani ya mtambo halisi ina oksidi, ina mabaki ya gesi, na Phelps na Petrović walionyesha mwaka 1999 kwamba fotoni, atomi zenye kasi na atomi zilizochangamshwa nazo hung'oa elektroni, kwa kiasi kinachotegemea uga na shinikizo. Andika uliyoitumia, andika kwa nini, na onyesha matokeo ya iliyo juu yake na iliyo chini yake.

Ukipata nafasi ya kulinganisha na maabara, omba picha za mwanga wa arigoni wa nanomita 750.4 zilizopigwa kwa kufuata awamu ya volteji. Mwanga huo hutoka kwa atomu iliyopokea angalau 13.48 eV. Kwenye programu ongeza ramani ya migongano ya kuchangamsha iliyofanywa na elektroni zilizo juu ya kizingiti hicho tu, usitumie ile ya kuchangamsha yote. Nguvu ya mwanga usiilinganishe, maana kamera na programu hazina kipimo kimoja. Linganisha awamu ya kilele na umbali wake kutoka kwenye sahani, kwa kila upande peke yake.